Mama wa Mkandarasi

Mkandarasi wa tatu naye alikuja na mama yake, kama sheria ilivyotaka. Nyumba ikishaezekwa, mama mzazi wa aliyeijenga hulala humo masika yote ya kwanza, ndipo mwenye nyumba ahamie. Atupele, aliyekuwa akitafuta wa kumjengea nyumba, aliipenda sheria hiyo. Hakujua kupima zege, lakini aliamini hakuna mtu anayefanya mzaha na uhai wa mama yake.

"Shikamoo, mama," alisema, kisha akaduwaa. Bibi huyo mwenye kovu la moto shavuni ndiye aliyeletwa wiki iliyopita na mkandarasi mwingine kabisa.

"Marahaba, mwanangu. Chumba changu kitakuwa kipi?"

Mkandarasi alipokwenda kupima kiwanja, Atupele alimsogelea bibi. "Mama, huyu ni mwanao kweli?"

"Wangu walikufa zamani," bibi alijibu kwa upole. "Hawa wakandarasi wananilisha mpaka mvua ziishe. Tulikuwa saba kwenye kazi hii. Nyumba zimewafukia wenzangu watano, ndiyo maana unaniona mimi kila mahali."

Atupele alirudi bila mkandarasi kwenye chumba cha kupanga alichoishi na mama yake, Bi Sekela. Alimkuta amekaa kitandani, khanga mpya mabegani, begi dogo miguuni.

"Usininunie, mwanangu," Bi Sekela alisema. "Nimechoka kuwa mzigo kwako. Kuna mkandarasi mmoja mpole amenifuata hapa. Amenipa kazi, tena nyepesi, ya kulala tu."