Kikaratasi cha Nyuma ya Mlango

Muuguzi alizunguka chumba akisoma vikaratasi alivyobandika bintiye: kiti, dirisha, pazia. Ndio mchezo wao wa maneno. Yeye akiingia zamu ya jioni, baba mtu ndiye humfundisha mtoto kusoma, na tangu mwezi jana mtoto anasoma kama maji.

"Hongera, mwanangu. Hujakosea hata herufi."

"Bado hujaona cha nyuma ya mlango, mama."

Nyuma ya mlango ulining'inia mkanda wa baba. Kikaratasi kilibandikwa juu ya ngozi, gundi bado mbichi: mwalimu.

"Nimepatia?"

Mama alipiga magoti, akamteremshia soksi ndefu za shule taratibu. Mtoto akauvuta mguu.

Nje, mume alikuwa akipiga mluzi, akitafuta ufunguo mfukoni.

Mama akasukuma komeo.