Chini Yangu

Kwenye sajili ya taifa kila mtu huandikwa chini ya mzazi mmoja tu, na huyo ndiye anayemtilia saini ya dawa. Mama alipoanza kusahau, nilienda kumwandikisha chini yangu.

“Inakataa,” karani aliniambia kwa huruma. “Wewe bado uko chini yake. Jitoe kwanza, dada Mwanahawa.”

Nikajitoa. Dawa tukapewa siku hiyohiyo.

Jioni mwanangu Shaibu alirudi kutoka kazini, akampelekea bibi yake uji.

“Mume wangu huyo,” Mama akamtania, kama siku zote.

Kisanduku cha sajili, kinachosikiliza ukutani mwa kila nyumba, kikamsahihisha taratibu: “Huyo ni kaka yako. Nyote ni watoto wa Mwanahawa.”

Mama alimtazama Shaibu, kisha akamrudishia kikombe cha uji.

“Haya, kaka. Mwambie mama nimeshiba.”