Jina Lililofutwa

Siku hizo, habari za ugonjwa au kifo cha mtu hawakuambiwa watu wote. Waliambiwa wale tu waliokuwa kwenye orodha ya simu yake, na aliyemfuta mwenzake alifutika naye kwa mwenzake, asiruhusiwe kusikia tena neno juu yake, awe mgonjwa, awe maiti.

Salha alimfuta dada yake, Rukia, miaka minne nyuma, walipogombania cherehani ya marehemu mama yao. Alibonyeza simu kwa kidole mara moja tu, kwa hasira.

Tangu mwezi wa Rajabu akawa anawaona majirani wakipita mlangoni pake na chupa za uji, wakielekea kwa Rukia.

"Rukia anaumwa?" alimuuliza Mama Kibwana, jirani yake.

"Hajambo," alijibu Mama Kibwana, kama sheria ilivyotaka, huku akitazama chini.

Kila siku Salha aliuliza, na kila siku aliambiwa hajambo. Alijua anadanganywa, lakini kiburi kilimwambia angoje aitwe.

Ijumaa moja kiburi kikamwisha. Akapika uji wa pilipili manga, ule ambao Rukia aliupenda tangu utotoni, akajaza chupa, akajitanda kanga. Alipofungua mlango, vijana wanne walikuwa wanapita na jeneza la msikitini, bado tupu, wakielekea kwa Rukia. Mama Kibwana alikuwa nyuma yao.

"Mama Kibwana," Salha aliita, "Rukia hajambo?"

Safari hii Mama Kibwana hakutazama chini. Akaipokea ile chupa ya uji, ingali moto, akamshika Salha mkono.