Kura ya Baba Atupele

Kila Juni nyumba zenye wanasesere humpigia kura mwanasesere bora wa mwaka, na kila kampuni huizawadia nyumba iliyoichagua. Kampuni ya mwanasesere wa Atupele hutoa zawadi moja tu: mwaka mwingine wa mwanasesere huyo kuzungumza.

Atupele alifariki akiwa na miaka sita. Mwanasesere wake alikuwa amejifunza sauti yake, na kila asubuhi Tumpale, mama yake, alimsalimia jikoni akaitikiwa.

Mwaka huu mumewe, Lwitiko, mwalimu wa hisabati, ndiye aliyejaza fomu.

"Umemchagua nani, Baba Atupele?"

"Wa kampuni nyingine. Mishono yake haifumuki."

"Nani kakuuliza mishono?"

"Fomu imeuliza yupi bora, Mama Atupele. Nimejibu."

"Si ungewadanganya! Wangekufunga?"

Tarehe mosi Julai Tumpale alimsalimia mwanasesere mara mbili bila kuitikiwa, kisha akamfunika kwa kanga na kumweka kabatini. Akachemsha chai, akamimina vikombe viwili.

"Lwitiko," akaita, "chai tayari."

Tangu mtoto azaliwe, hakuwahi kumwita mumewe kwa jina hilo.