Mwenye Joho la Buluu

Watu wa bonde lile la Aisilandi hawachoki kujisifu. Eti damu yao ni ya Norwe tupu, kwa sababu wote ni uzao wa Gunnvor, bibi mwenye joho la buluu aliyelizunguka bonde zima akivuta mtamba wa ng'ombe. Wakianza hawanyamazi. Haya, siku yenyewe ilikuwa hivi.

Alfajiri Gunnvor alikuwa amekaa hemani, kifundo cha mguu kimevimba kama boga. Jana yake aliteleza kwenye mawe ya ufukweni, na meli ikaenda zake, ikamwacha na mtamba mmoja, mjakazi wake Muirenn na binti mdogo wa Muirenn.

"Vua hayo matambara," alimwambia Muirenn. "Vaa joho langu. Mimi nitavaa yako."

Sheria ilikuwa moja. Mwanamke huru alimiliki ardhi aliyoizunguka kwa miguu yake, akivuta mtamba, tangu jua kuchomoza hadi kuzama. Ozur, jirani ambaye hawajaonana naye, alikuwa amemtuma nahodha wa ile meli aseme anampa siku hii tu, naye atatazama kutoka mlimani. Gunnvor akishindwa, bonde ni la Ozur.

"Jua likizama ingia humu moja kwa moja, tubadilishane nguo, nitoke nikale kiapo mbele ya Ozur. Nitasema nimeteguka njiani."

"Na uhuru wangu, bibi?"

"Tutauzungumza baadaye. Mtoto anabaki na mimi, usije ukaota mbawa."

Muirenn alilifunga joho shingoni. Alitekwa kwao Ayalandi akiwa mdogo mno. Hata lugha ya mama yake ilishamtoka, akawa anasema kama kina Gunnvor. Na angekimbilia wapi? Mbele bahari, nyuma barafu, na mwanawe yuko mikononi mwa huyu mama. Akaivuta kamba.

Mtamba aligoma topeni, akagoma mtoni. Muirenn alimbembeleza, akamtukana, mwishowe akalia. Kila hatua alikuwa anajichorea gereza lake mwenyewe, yeye na mtoto wake. Na kila alipoinua macho, Ozur alikuwa kulekule juu, anatazama.

Jua lilipokuwa linazama alifika hemani, tope hadi magotini. Ozur alikuwa ameshateremka, anamsubiri.

Mtoto alichomoka hemani akamrukia. "Mama!"

"Wewe ndiye Gunnvor?" Ozur alisema. "Sikudhani utaweza, bibi. Haya, bonde ni lako."

"Mwongo huyo!" sauti ilitoka hemani. "Gunnvor ni mimi!"

Ozur akachungulia ndani. Akamwona mwanamke mwenye matambara, mguu umevimba, hata kusimama hawezi.

"Na huyu ni nani?"

Muirenn alimpakata binti yake, akaliweka joho vizuri mabegani.

"Mjakazi wangu," alisema. "Aliumia mguu jana. Uhuru wake tutauzungumza baadaye."