Mama Mbuzi na Utepe wa Diwani

Hapo kale, na kale yenyewe si ya mbali, Mtaa wa Kwato ulipata bomba la maji. Likafungwa utepe mwekundu. Marufuku kuchota mpaka Diwani Kiboko aje kulizindua. Ngoma zikalia, jua likawaka, Kiboko haonekani. Mama Mbuzi, kiu imemkaba, akautafuna utepe. Bomba likafunguliwa, ndoo zikajaa kwa vigelegele!

Mara Kiboko huyo, anahema, sauti imemkauka. Mama Mbuzi akampa kikombe cha maji, Kiboko akayagida yote, ndipo akaliona bomba linatiririka.

“Utepe wangu uko wapi?” akanguruma. “Yeyote aliyekunywa maji haya kabla sijayazindua, akamatwe!”

Mama Mbuzi akameza kipande cha mwisho cha utepe, akachungulia kikombe kitupu.

“Nikuongezee, mheshimiwa?”