Bibi Kisimani

Televisheni za siku hizi husikiliza mioyo iliyomo sebuleni, na ukiwamo wa mtoto, hakuna anayekufa katika filamu. Tausi ameolewa miaka sita bila kupata mtoto. Wifi yake, Nasra, alimpendekezea filamu moja ya familia, kisha akampigia simu.

"Wifi, ulilia bibi alipotumbukia kisimani?"

"Hatumbukii. Anarudi na ndoo yake, wanapika maandazi."

"Acha uongo! Hata kwenye riwaya anakufa. Maandazi wanaonyeshwa wanangu. Mlikuwa na mtoto wa nani?"

"Tulikuwa wawili tu, mimi na kaka yako."

Nasra akapiga kigelegele.

Zahanati ilithibitisha. Tangu hapo Tausi huitazama filamu hiyo kila jioni, na bibi anaporudi na ndoo, hushusha pumzi.

Jana tumbo lilimuuma kutwa. Jioni aliwasha televisheni kama kawaida. Bibi alipoinama kuchota maji, akaizima.

"Mbona umezima?" mumewe aliuliza. "Ndiyo kwanza inanoga."

"Mwisho wake naujua," alisema Tausi, rimoti ameishika kwa mikono miwili.